SOMO LA WAFANYAKAZI: KUCHAGUA MASHINE YA KUFYONZA VUMBI NYUMBANI



Somo letu la safari hii lahusu chombo ambacho zamani tulikiona katika mahoteli na nyumba za mameneja tu, na ambacho sasa kimeanza kuingia katika nyumba zetu: mashine ya kufyonza vumbi, ambayo wengine huiita vakyumu na wengine huva. Zipo mpya madukani, na zipo za mtumba ziletwazo kwa makontena pamoja na friji na pasi kuukuu. Bei zake hupishana mno, na aghalabu muuzaji ana jambo moja tu la kumwambia mnunuzi, nalo ni wati. "Hii ni wati elfu mbili, mzee, inavuta hata kokoto!"

Twataka kueleza kwa nini wati si kipimo cha kutegemea. Tena twataka kuonyesha kwamba kwa mtu afanyaye kazi katika kiwanda cha mkonge, pamba, saruji, unga au chai, uchaguzi huu ni jambo la mapafu kabla ya kuwa jambo la usafi.

Mashine ilivyoanza

Mwaka 1901 huko London, mhandisi mmoja Mwingereza, Hubert Cecil Booth, alionyeshwa mashine mpya ya kusafisha iliyofanya kazi kwa kupuliza hewa. Vumbi liliruka juu, likaelea kidogo, kisha likatua tena pale pale. Booth akaona kwamba yafaa kuvuta, si kupuliza. Akajaribu kwa njia nyepesi kabisa: alitandaza leso juu ya kiti cha kitambaa katika mkahawa, akaweka mdomo wake juu ya leso, akavuta kwa nguvu. Alipaliwa, lakini alipoigeuza leso aliona duara la uchafu upande wa chini. Mashine aliyoiunda kutokana na jaribio hilo ilikuwa kubwa kama gari, ikivutwa na farasi. Iliegeshwa barabarani na mabomba yake yakaingizwa ndani kwa kupitia madirishani.

Mtu wa pili ni mfanyakazi kama sisi. James Murray Spangler alikuwa mfagizi katika duka kubwa la mji wa Canton, jimbo la Ohio, Marekani. Alikuwa na pumu, na akashuku kwamba vumbi la mazulia aliyokuwa akiyafagia kila usiku ndilo lililokuwa likimziba kifua. Akachukua feni ya umeme, sanduku, mpini wa ufagio na foronya ya mto, akaunda mashine ndogo ya kusukuma kwa mkono. Alipata hataza yake mwaka 1908, na mwaka huo huo akaiuza kwa William Hoover, mtengenezaji wa bidhaa za ngozi, ambaye jina lake ndilo lililoenea duniani hata likawa jina la mashine yenyewe. La Spangler wachache wanalijua. Ndivyo mambo yaendavyo kati ya mvumbuzi na mwenye mtaji.

Tumewataja watu hawa kwa sababu maalumu. Ukiondoa rangi na mapambo, mashine zote zilizopo madukani leo ni mota, feni na kitu cha kuchujia: leso ya Booth, foronya ya Spangler. Mota na feni huvuta. Chujio ndilo linalozuia. Hewa iliyoingia kwa mbele sharti itoke kwa nyuma, na kama chujio halikulizuia vumbi, basi mashine imelitoa sakafuni, mahali lilipokuwa limelala bila kumdhuru mtu, na kulitawanya hewani ambamo watoto wanapumua. Kwa hiyo swali la kwanza dukani si "inavuta kiasi gani?" bali "inazuia nini?"

Vumbi tunaloliona na tusiloliona

Wataalamu hupima vumbi kwa maikroni. Maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una unene wa maikroni kama 70 hivi. Mchanga na nyuzi tunazoziona juu ya zulia ni vitu vikubwa. Vikiingia puani hukwama huko, tukapiga chafya au tukapenga kamasi, mambo yakaisha. Vumbi lililo chini ya maikroni 10 hupita koo likaingia kifuani, na lililo chini ya maikroni 4 au 5 hufika mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, ambako kohozi haliwezi kulitoa kwa urahisi. Vumbi hilo jembamba, likisharushwa, huweza kuelea chumbani kwa saa nyingi. Macho hayalioni ila pale mwali wa jua unapopenya dirishani.

Sasa tutazame machujio. Sponji, kama iliyomo katika mashine nyingi za bei rahisi, huzuia mchanga na nywele. Mfuko wa karatasi au wa kitambaa cha kisasa huzuia zaidi, hasa ukiwa na matabaka kadhaa. Juu kabisa lipo chujio liitwalo hepa, lililotokana na kazi ya mabomu ya atomiki Marekani katika miaka ya 1940, walipohitaji kuzuia vumbi lenye sumu ya mionzi. Kipimo cha Marekani ni kwamba hepa sharti izuie asilimia 99.97 ya vumbi la ukubwa wa maikroni 0.3. Katika vipimo vya Ulaya utaona herufi na namba: H13 huzuia asilimia 99.95 na H14 asilimia 99.995.

Lakini tahadhari! Maneno "aina ya hepa" au "mfano wa hepa" juu ya boksi hayana maana yoyote. Tafuta namba. Tena chujio zuri ndani ya sanduku bovu ni bure, maana hewa ni kama maji, hufuata njia nyepesi. Kama mpira wa kuzibia mlango wa mfuko umekauka na kupasuka, hewa yenye vumbi itapita pembeni na kuliacha chujio likiwa safi. Hili ndilo tatizo kubwa la mashine za mtumba. Mtu husifiwa chujio, akasahau kuuliza habari za mpira.

Jaribio lake ni rahisi. Nenda dukani na kijiko kimoja cha unga wa ngano na kitambaa cheusi kilicholoweshwa maji na kukamuliwa. Mwaga unga sakafuni, washa mashine, na mwenzako ashike kitambaa mbele ya tundu la kutolea hewa wakati wewe unafyonza. Halafu kipitishe kitambaa polepole mahali mfuniko unapoungana na mwili wa mashine. Weupe ukionekana juu ya kitambaa, umepata jibu lako. Muuzaji akikataa jaribio hilo, pia umepata jibu.

Habari ya wati

Wati ni kiasi cha umeme mashine inachokula. Si kiasi cha kazi inayofanya. Lori bovu pia hunywa mafuta mengi. Umoja wa Ulaya ulizuia kuanzia Septemba 2014 kuingiza sokoni mashine za nyumbani zinazozidi wati 1,600, na kuanzia Septemba 2017 kikomo kikashushwa hadi wati 900. Mazulia ya Ulaya hayakuwa machafu kwa sababu hiyo; watengenezaji walilazimika kuunda vizuri zaidi feni, njia za hewa na kichwa cha kufagilia. Kwa hiyo mashine ya mtumba ya wati 2,000 itokayo huko huenda ni ya kabla ya sheria hiyo, na umri wake uhesabiwe katika bei.

Tupige hesabu. Mashine ya wati 2,000 ikitumika nusu saa hula uniti moja ya umeme. Ukiitumia mara mbili kwa wiki ni uniti nane au tisa kwa mwezi. Ile ya wati 900 kwa muda huo huo hula chini ya nusu uniti kila mara, yaani kama uniti nne kwa mwezi. Kila mmoja atazame bei ya uniti katika risiti yake.

Kadhalika soma kibandiko cha nyuma. Mashine zilizotumika Marekani ni za volti 120, nasi tunatumia 230 au 240. Ukiichomeka hivyo hivyo itaungua mara moja, na transfoma ya kubeba mzigo wa wati 1,400 ni nzito na ghali kuliko faida yake. Waya wa kuongezea uliozungushwa kwenye kigurudumu ukunjuliwe wote kabla ya kuwasha, maana ukiachwa umeviringwa hupata moto.

Mifuko, madumu na mapipa

Mashine ya mfuko ndiyo inayomfaa zaidi mwenye kifua kibovu, kwa sababu vumbi hutupwa likiwa bado limefungwa. Ubaya wake ni mifuko yenyewe. Kabla ya kulipa, uliza mifuko yauzwa wapi na kwa bei gani, na kama hakuna dukani hapo, usikubali ahadi ya "itakuja". Tunawajua wenzetu wengi waliopasua mfuko wa karatasi, wakaukung'uta, wakaushona, wakaurudisha. Mfuko wa namna hiyo haushikilii tena vumbi jembamba.

Mashine isiyo na mfuko huzungusha hewa kama kimbunga ndani ya dumu la plastiki, na vumbi hutupwa pembeni. Wenzetu wa viwanda vya mbao wataitambua mara moja, kwani ni mdogo wake lile pipa refu lenye umbo la faneli lisimamalo nje ya kiwanda na kupokea unga wa mbao. Na ndiko wazo lilikotoka: Mwingereza James Dyson aliona pipa kama hilo kwenye kiwanda cha mbao mwishoni mwa miaka ya 1970, akaunda mifano zaidi ya 5,000 kabla ya kupata mashine ya nyumbani iliyomridhisha. Haihitaji mifuko, ni kweli. Lakini kila likijaa dumu humwagwa kwa mkono, na hapo ndipo vumbi lote ulilokusanya linaporudi usoni. Limwage nje, upepo ukiwa mgongoni mwako, na dumu likiwa ndani kabisa ya mfuko wa plastiki.

Ya tatu ni ya pipa, ifyonzayo maji na vumbi. Ni ngumu, mafundi wengi wanaijua, na kwa nyumba yenye sakafu ya saruji na zulia moja ndiyo tungeichagua sisi, mradi ipatikane na chujio zuri la vumbi kavu. Lile sponji la kufyonzea maji lisitumike kwa vumbi. Zipo pia mashine zinazopitisha hewa ndani ya maji, na wauzaji huzisifu sana. Maji hukamata uchafu mkubwa, ila vumbi jembamba husafiri ndani ya mapovu na kutoka nalo. Kama hakuna chujio baada ya maji, ni maonyesho tu. Za betri ni nyepesi na ghali, na betri ikifa huwa gharama yake yakaribia ya mashine nzima.

Je, unaihitaji?

Tuseme wazi. Mwenye sakafu ya saruji au vigae, na mkeka wa kukung'utwa nje, haihitaji. Tambara lililoloweshwa hukamata vumbi jembamba vizuri kuliko mashine ya bei rahisi, na halili umeme. Hatuoni sababu ya mwanachama kukopa katika chama cha akiba na mikopo kwa ajili ya chombo hiki kabla ya bati na karo. Mwenye zulia la ukuta hadi ukuta, makochi ya kitambaa na mtoto mwenye pumu, huyo anaihitaji. Na familia nne za kambi moja zinaweza kununua moja nzuri kwa shirika badala ya nne mbovu.

Vumbi lisilopaswa kufika nyumbani

Hapa ndipo somo linapotugusa sisi hasa. Lipo vumbi ambalo mashine yoyote ya nyumbani isiguswe nalo.

Mwaka 1965 watafiti Newhouse na Thompson walichapisha uchunguzi wao wa wagonjwa wa saratani ya utando wa mapafu na tumbo katika hospitali moja ya London. Wengi walikuwa wamefanya kazi ya asbesto. Lakini walikuwemo ambao hawakuwahi kuingia kiwandani. Walikuwa wameishi nyumba moja na mfanyakazi wa asbesto, na habari iliyojirudia ilikuwa ya mke aliyekuwa akizifua ovaroli za mumewe. Mume alilileta vumbi nyumbani pamoja na mshahara.

Karibu nasi zaidi, nchini Zambia, mji wa Kabwe ulikuwa na mgodi wa risasi na zinki uliofanya kazi kwa miaka kama tisini mpaka ulipofungwa mwaka 1994. Mgodi umefungwa lakini vumbi la risasi limebaki katika udongo wa mitaa ya jirani, na watoto waliozaliwa miaka mingi baada ya kufungwa wameonekana na risasi katika damu yao. Risasi huharibu ubongo wa mtoto mdogo. Katika nyumba yenye vumbi la namna hiyo ufagio mkavu hulirusha, na mashine ya sponji hulipuliza likiwa jembamba zaidi. Linalofaa ni tambara la maji, au mashine yenye hepa iliyofungwa barabara.

Tusidhani risasi iko migodini tu. Anayepasua betri kuukuu za magari huibeba kwenye viatu vyake. Naye afanyaye kazi katika chumba cha kuchambulia pamba, au penye brashi za mkonge, hulibeba vumbi lake mpaka kwenye kochi analokalia. Wenzetu wa pamba wanajua kifua kinachobana siku ya Jumatatu baada ya mapumziko. Ndiyo dalili ya ugonjwa uitwao bisinosisi, wala si uvivu kama wasemavyo wasimamizi.

Na tunasafishaje nguo zamu inapokwisha? Katika viwanda vingi mtu huchukua bomba la kompresa na kujipuliza kuanzia mabegani hadi viatuni. Mwenzake hupokea vumbi hilo usoni, kisha naye hupuliza lake. Hii ndiyo mashine ile ile aliyoikataa Booth mwaka 1901! Zaidi ya hayo, hewa ya kompresa huweza kupasua ngozi au kuharibu jicho.

Kinachotakiwa kiwandani ni mashine ya kufyonza ya kiwandani. Hizo zina madaraja yake: L huzuia asilimia 99 ya vumbi la kipimo, M asilimia 99.9, na H asilimia 99.995, na hii ya mwisho ndiyo ya vumbi la hatari kama asbesto. Penye unga, pamba au vumbi la mbao sharti iwe aina isiyotoa cheche, kwa kuwa vumbi hilo likijaa hewani huweza kulipuka. Kwa sababu hiyo hiyo asiwepo mwanachama atakayeombwa kuleta mashine yake ya nyumbani "kusaidia" ofisi.

Shirika la Kazi la Kimataifa limeyaweka mambo haya katika mikataba. Mkataba Na. 148 wa mwaka 1977 wataka vumbi lizuiwe kwanza kwa mitambo na mpango wa kazi, na barakoa zije pale ambapo hilo halikutosha. Mkataba Na. 162 wa mwaka 1986, unaohusu asbesto, wasema katika kifungu cha 18 kwamba nguo za kazi zisipelekwe nyumbani, kwamba mwajiri ndiye mwenye jukumu la kuzisafisha, na kwamba atoe mahali pa kuoga. Sheria za usalama na afya kazini za Tanzania (2003), Uganda (2006) na Kenya (2007) zote zamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Kwa hiyo tunapodai makabati mawili kwa kila mfanyakazi, moja la nguo za nyumbani na moja la ovaroli, na dobi wa kampuni, hatuombi hisani.

Mpaka hapo yatakapopatikana, mwanachama avue ovaroli nje ya mlango, aiweke katika mfuko uliofungwa, asiikung'ute, na ifuliwe peke yake baada ya kuloweshwa. Anayeifua asiikung'ute pia kabla ya kuitia majini. Mambo haya yaelezwe nyumbani, maana mara nyingi afuaye hakuwamo mkutanoni.

Kazi ya kikundi kabla ya mkutano ujao

Kila kikundi cha masomo kitembelee idara moja zamu inapokwisha, kihesabu ni wangapi wanaojipuliza kwa kompresa, na kiandike ni vumbi la kitu gani. Kitazame kama kuna mashine ya kufyonza, ina daraja gani, na chujio lake lilibadilishwa lini. Kisha kijadili: katika nyumba za wanakikundi, nani huzifua ovaroli, na je, anakohoa? Majibu yaletwe kwa katibu wa tawi kwa maandishi, ili yawekwe mezani wakati wa mazungumzo ya mkataba wa hiari.